Hodi Pangoni: Namna ya Kupeleka Watu Ishirini Chini ya Ardhi na Kurudi Nao Wote

Hesabu ya kwanza ifanye siku nne kabla ya safari, usiku, watu wakishakula na kupumzika. Waandikie kwenye grupu la ukoo: nani anakwenda pangoni Jumapili? Watajibu arobaini. Waandikie tena: mchango wa gari na chakula ni huu hapa, mwisho kesho magharibi. Watabaki ishirini na sita, na sita kati yao watakuwa wamesema "nitakutafuta", neno ambalo hapa kwetu humtoka mtu ambaye ukimtafuta wewe humwoni. Ishirini waliobaki ndio wako. Waandike majina kwa kalamu kwenye karatasi, uikunje, uitie mfukoni. Simu huishiwa chaji, na pangoni mtandao haushuki. Karatasi haiishiwi.

Nimewapeleka watu wangu mapangoni mara nyingi, wa Mkunazini, wa Malindi na wa Jang'ombe, vikongwe na watoto wadogo, na nataka na wewe uwapeleke wako. Sisi wa mji tunakijua kisiwa kwa juu tu. Tunaijua barabara ya Bububu, tunaijua pwani ya Nungwi, tunalijua shamba la babu na mpaka wake usiokwisha ugomvi. Lakini Unguja ina kisiwa cha pili chini ya hiki, chenye vyumba, vichochoro, visima na giza, na wengi wetu tunazeeka bila ya kukibishia hodi hata mara moja.

Elewa kwanza kwa nini kimetoboka, maana watoto watauliza. Ardhi ya Unguja ni mbili. Magharibi na katikati pana udongo mzito, ndiko kwenye mikarafuu, minazi na migomba. Mashariki na kusini ni maweni, wengine huita uwanda: jiwe la matumbawe lililokuwa chini ya bahari zama za zama, likabaki wazi maji yalipoteremka, na udongo wake ni ule tu uliojikusanya kwenye vifuko vya mwamba. Mvua ikinyesha juu ya jiwe hilo haikimbilii baharini juu kwa juu. Inabeba hewa ya kaboni ya angani na ile iliyomo kwenye udongo wa mizizi, inapata ukali kidogo, mdogo mno kuliko wa ndimu. Lakini likamulie jiwe la chokaa ndimu, hata hafifu, kwa maelfu ya miaka, uone kama litasimama. Maji yanalila jiwe. Yanafanya vitundu, vitundu vinakutana, vinakuwa vyumba, na siku moja paa la chumba linaporomoka, mchana unaingia chini. Ndiyo maana huko maweni unaweza kwenda mwendo mrefu usione mto. Mto umo ndani.

Sasa chagua pango, na hapa shika neno langu: siku moja, upande mmoja. Katika kila msafara yupo kijana aliyefungua ramani kwenye simu usiku kucha. Atakuja na mpango: asubuhi Mangapwani, mchana Jambiani, alasiri Kiwengwa kwenye mapango ya Mchekeni, magharibi Forodhani tule urojo. Mpe chai. Mpe na andazi. Kisha mkatalie. Mangapwani iko kama kilomita 20 kaskazini ya mji, na Jambiani iko upande wa pili kabisa, kusini-mashariki, zaidi ya kilomita 50. Gari linaweza kuzifikia zote, lakini watu wako hawatapata muda wa kukaa kimya chini ya ardhi, na asiyekaa kimya pangoni hakwenda pangoni, alipita tu.

Mkienda kusini, nendeni Kuumbi. Liko maweni nyuma ya Jambiani, mbali kidogo na bahari, na sakafu yake ndiyo daftari kongwe kuliko yote tuliyonayo. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba humo 2005, na 2012 wakaja watafiti wa mradi wa Sealinks wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakachimba tena. Walikuta alama za watu walioishi humo yapata miaka 20,000 iliyopita, na pamoja nazo mifupa ya mawindo yao. Ndani ya mifupa hiyo mna pundamilia. Pundamilia, Unguja! Hakuja kwa ngalawa wala hakuogelea. Zama zile maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kuwa barafu, bahari ilikuwa chini sana, na mkondo ulio baina yetu na Bagamoyo, ambao kina chake si kirefu, ulikuwa nchi kavu. Alikuja kwa miguu. Barafu ikayeyuka, bahari ikapanda, kisiwa kikawa kisiwa, na wanyama wakubwa waliobaki upande wetu wakapungua hata wakaisha. Hadithi hii mweleze mtoto mkiwa ndani ya pango, si garini. Garini atakujibu "mh" na kurudi kwenye dirisha lake. Ndani ya pango atatazama pale aliposimama, na mguu mmoja atauinua.

Faida nyingine ya kusini ni maji. Jambiani lipo pango la Kuza, Paje lipo Maalum, yote yana maji maangavu ya kuogea ambayo mtu wa mji akiyaona mara ya kwanza hushusha sauti bila ya kuambiwa. Mnalipa kiingilio, mnajimwagia maji kwanza mtoe mafuta na marashi mwilini, ndipo mnaingia. Hilo la mafuta mlisisitize, hasa kwa mashangazi. Maji ya pangoni hayana mawimbi ya kusafisha kile tulichokiacha.

Lakini safari ninayotaka kukufundisha leo ni ya kaskazini, ya Mangapwani. Ni karibu, ina ngazi, bibi anaweza, na ndiko lilikotokea jambo nitakalolisema mbele.

Gari kodi Kosta. Mwenye gari atakwambia gari zima, ndiyo kazi yake. Wewe muulize dereva, maana yeye ndiye anayelala chini yake. Mwaka mmoja sikumuuliza, nikamwamini mwenye gari aliyeapa kwamba injini imefunguliwa wiki ile ile. Ilifunguliwa kweli, na tulipofika Chuini ikataka kufunguliwa tena. Watu ishirini na wawili walikaa chini ya mwembe tangu saa tatu asubuhi, na saa nne chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha. Toka siku ile naangalia tairi la akiba kwa macho yangu, naligonga kwa mkono, kisha ndipo natoa pesa.

Wakati wa kuondoka watangazie saa moja asubuhi. Atakayesema "nshafika Michenzani" bado anatafuta ndara ya pili chini ya kitanda, na atakayesema "niko njiani" ndio kwanza anaweka maji ya kuoga jikoni. Usigombane nao. Waambie gari litasimama Darajani mpaka saa mbili, na saa mbili ikifika washa injini, iungurume, dereva aisogeze hatua tatu. Watu hutokea vichochoroni kama kumbikumbi baada ya mvua. Hesabu. Ishirini. Ondokeni.

Chakula nacho kina hukumu zake. Urojo uache mjini. Nauheshimu, nimekulia juu yake, lakini urojo ni chakula cha mtu aliyesimama penye ardhi tambarare, na barabara ya kuingia Mangapwani si tambarare. Chukueni vya kushikika: katlesi, sambusa, kachori, bajia, mkate wa kumimina uliokatwa kabisa nyumbani, mbatata za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi. Pilau ipikwe alfajiri na sufuria lifungwe kwa khanga mbili, fundo juu, likae miguuni mwa mtu mzima mwenye dhamana, na mtu huyo asiwe kijana mwenye njaa. Wanaume wakune nazi na wabebe deli la maji na barafu. Nalisema hili kwa uzito wote: msafara ambao wanawake wamelala saa saba usiku jikoni na wanaume wameamka saa moja kuuliza "chai iko wapi" haufurahii pango hata lingekuwa la dhahabu. Wanawake hufika wamechoka, wanakaa nje kivulini, na pango linabaki la wanaume. Nimeliona hilo mara mbili na sikulipenda.

Viatu ni raba. Ndara haifai, makubadhi hayafai, na kile kiatu kipya cha Idi hakifai hata kidogo. Jiwe la matumbawe likikatika lina makali ya wembe, na likipata unyevu lina utelezi wa sabuni. Kanzu ifungwe kiunoni, buibui likunjwe mkononi. Tochi kwa uchache moja kwa watu watatu, zile za kufunga kichwani ndizo bora kwa sababu mikono inabaki huru kumshika bibi. Na bibi akisema atashuka, mshusheni. Bibi yangu alishuka akiwa na miaka zaidi ya sabini, anashika ukuta kwa mkono mmoja na bega langu kwa mkono wa pili, na alipofika chini alisema kitu kimoja tu: "Kumbe palikuwa hapa siku zote." Msinyime mtu saa kama ile kwa kumwonea huruma.

Njiani usiwaache walale. Kushoto mkitoka mjini mtaziona nguzo za Maruhubi, kasri aliyoijenga Sultani Barghash bin Said miaka ya 1880 kwa ajili ya masuria wake, ikaungua 1899. Bububu waambie kwamba treni ilikuwa inafika hapo tangu 1905, watoto hawataamini, na kwamba maji ya chemchemi ya huko Barghash huyo huyo aliyaleta mjini kwa mabomba, hata mtu wa Mji Mkongwe akawa anafungua maji mlangoni. Kwa hiyo mji wetu ulianza kunywa kutoka chini ya ardhi kitambo, ila tulisahau kuuliza chini pakoje. Jina la Barghash walishike vizuri. Watakutana nalo tena kabla ya chakula.

Mkifika, shukeni taratibu na msiende moja kwa moja shimoni. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tunaingia nyumba za watu kwa hodi tatu, tunasubiri karibu, tunavua viatu; tukifika pangoni tunateremka kama mchanga unaomwagwa kwenye lori. Pango lina wenyewe. Wapo wanaolitunza na kukata tiketi, na kipo kijiji chenye sheha na wazee. Nendeni wakubwa wawili mbele, msalimie.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Mmekuja wangapi?"

"Ishirini, babu."

"Haya, karibuni. Na mkitoka nataka ishirini."

Hiyo ndiyo hodi, na baada ya hapo mzee yule atawafuata mpaka chini na kuwaonyesha mambo ambayo mngeyapita.

Mtakuta pembeni mwa mapango yetu, Mangapwani na Kuumbi pia, vitambaa vimefungwa, chetezo, sahani, pengine halua au mayai. Watu wana haja zao, wamekuja kuziomba. Kwa watu wa kusini mwenye kuyaangalia mambo ya ardhi na mizimu anaitwa mvyale, na kazi yake ni ya urithi. Mimi ni mtu wa msikitini na wala sijapata kupeleka ubani pangoni, lakini sijamruhusu mtoto wangu yeyote kugusa kitambaa kile, kukipiga picha, au kucheka. Aliyekifunga huenda ana mgonjwa nyumbani.

Namna lilivyojulikana pango la Mangapwani wenyeji husimulia hivi. Palikuwa na kijana, mtumwa, anachunga mbuzi wa bwana wake. Mbuzi mmoja akapotea. Kijana akatafuta, akasikia sauti ya mbuzi inatoka ardhini, akafukua majani, akakuta tundu, na ndani ya tundu maji baridi, matamu. Kijiji kikapata kisima. Watoto wanaipenda sana hadithi hii kwa ajili ya mbuzi. Wakubwa waulize jina la yule kijana. Halikuhifadhiwa.

Chini ni baridi kuliko mlivyodhani na kubwa kuliko mlivyodhani. Mizizi inateremka kutoka juu kama kamba za ndoo. Yapo maji, na maji hayo yalinywewa na vizazi, kwa hiyo hakuna kuosha miguu, hakuna kurusha sarafu, hakuna kutupa kokoto ili kupima kina. Popo wakiwapo, sauti zishuke na tochi zielekee chini. Popo mama hubeba mwanawe kifuani, na wakishtuka kundi zima wachanga huanguka. Na msiwachukie, kwa maana popo walao matunda ndio wanaotupandia miti usiku, mbegu wanaziacha huko maweni ambako hakuna mtu wa kwenda na jembe. Lakini vumbi la kinyesi chao msilitimue, lina kuvu inayoweza kudhuru mapafu. Mwenye pumu ajifunge kitambaa puani.

Nguzo za jiwe zinazoning'inia zimekua tone kwa tone. Ukivunja kipande cha urefu wa kidole umevunja kazi ya miaka ambayo wewe na wajukuu zako hamtaimaliza. Na kuta si za kuandikwa. Nimeona humo majina ya wapendanao, mkaa na rangi, moyo katikati. Wapendanao, nawasihi: kama mapenzi yenu ni ya kweli yapelekeni kwa kadhi, yaandikwe huko, mpate na cheti.

Kisha fanya jambo moja kwa ajili yangu. Kaeni wote, hesabu, na zimeni taa zote dakika tatu. Mtoto atacheka kwanza, mtu atakohoa, kisha kutatulia. Kuna tone litaanguka mahali. Giza la mle si lile la umeme kukatika, ambalo macho hulizoea. Unainua kiganja mbele ya uso na hakipo. Katika giza hilo mzee mmoja asimulie ya Kizimkazi: mfalme Kizi aliyevamiwa, akaomba Mungu, wakaja nyuki wakawafukuza maadui, maadui wakarudi, naye akakimbilia pwani penye jabali, akaomba tena, jabali likafunguka, akaingia, likafunga. Kizimkazi Dimbani upo msikiti ambao maandishi yake ya kuchongwa yana mwaka 500 wa Hijria, ndio 1107 wa Miladi, kwa hiyo watu wa kusimulia walikuwapo huko zamani kweli. Hadithi hiyo niliisikia mara nyingi juu ya ardhi na sikuijali. Chini, taa zimezimwa, nilimsikia dada yangu mtu mzima ananiuliza kwa sauti ndogo, "Na sisi tulipoingilia pako wazi?"

Pako wazi. Washeni taa, pandeni, hesabu. Babu yule atakuwa anahesabu pia.

Kutoka hapo kiasi cha kilomita mbili zaidi, kwa kufuata pwani, kipo chumba cha watumwa. Wengi hukiita pango, lakini maji hayakukila jiwe pale. Kilichongwa na mikono ya watu: shimo la mraba ndani ya jiwe, paa juu yake, ngazi za kushukia. Jina linalotajwa la mwenyewe ni Muhammad bin Nasor Al-Alwi, mfanyabiashara wa watumwa, na wakati unaotajwa ni yapata 1880.

Hapa toa jina la Barghash mlilolishika njiani. Tarehe 5 Juni 1873, kwa kubanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini na kufunga soko lao hapa mjini, pale Mkunazini ambapo sasa lipo kanisa kuu la Waanglikana. Kwa karatasi ilikuwa imekwisha. Kumiliki mtu kulikuwa bado halali hadi 1897, na palipo mnunuzi hapakosi mwuzaji. Basi biashara ikatoka mjini ikenda kujificha huku, penye jabali na njia ya kushukia baharini, ambako meli za doria za Waingereza hazioni.

Usitumie muda huu kwa picha. Waache washuke wachache wachache. Hakuna haja ya kueleza mengi, chumba kinajieleza: upana wake, joto lake, na mlango wake mmoja.

Safari moja ya huku tulikuwa na mtoto wa kike wa miaka tisa, mjukuu wa shangazi yangu. Tangu Darajani alikuwa ananitazama ninavyotoa karatasi na kuhesabu, na pangoni alikuwa ananisaidia kwa vidole. Tulipotoka chumbani akanishika mkono.

"Baba mdogo, na wao walihesabiwa na nani?"

Nikamwambia kabla ya ule mkataba walihesabiwa. Mtu akishushwa bandarini alipitishwa forodha, akalipiwa ushuru kwa kichwa, kama gunia la karafuu. Pale Forodhani tunapokula mishikaki, jina lake limetokana na forodha hiyo. Waliandikwa idadi, majina hapana.

"Na hawa wa hapa?"

Hawa wa hapa hawakuandikwa hata idadi. Chumba kile kilichongwa ili wasihesabiwe. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sababu mtoto akiuliza jambo kubwa si halali kumjibu kwa dogo.

Hakusema kitu. Tukatembea hadi pwani.

Chakula kiliwe sasa, si kabla. Watu watakuwa kimya, na pilau ina kazi yake ya kuwarudisha. Tandikeni majamvi chini ya miti, fungueni khanga, mvuke utoke. Watoto waogelee maji yakiwa yanajaa. Yakipwa, mwamba huwa wazi, una vishimo vya kaa na miiba ya urumba ambayo mguu wa mtoto wa mji hauijui. Siku za bamvua maji huenda mbali na hurudi kwa kasi, kwa hiyo muulizeni mvuvi yeyote atakayekuwapo, na mkaribisheni sahani kabla ya kumuuliza. Anayetaka kusali asali, anayetaka kulala alale kichwa juu ya paja la mwenzake. Saa moja ya namna hiyo, bila ya ratiba, ndiyo inayowafanya binamu waliokuwa hawasemezani tangu harusi ya mwaka juzi waanze kugombania ukoko. Usiikate kwa kupiga makofi na kusema "jamani tuondoke". Ngoja alasiri ikupigie.

Okoteni kila kitu. Ganda la yai, kizibo, uzi wa mfuko. Mrudieni babu wa pangoni mkiwa njiani, mpeni sahani yake ya pilau mliyomwekea. Msimpe makombo, awe amewekewa tangu mwanzo, na mwambieni: ishirini, babu. Atafurahi kuliko mnavyodhani. Anaona misafara mingi, na wanaorudi kuaga ni wachache.

Tulipopanda gari, mtoto yule akaniomba karatasi. Nikadhani anataka kuhesabu, nikampa. Hakuhesabu. Alikaa nayo mapajani toka Mangapwani hadi mjini, anasoma midomo ikicheza, anamuuliza mama yake jina la pili la huyu, jina la babu wa yule, na kila akijibiwa anaandika kwa penseli pembeni mwa jina nililoandika mimi.

Darajani gari liliposimama, alisimama mlangoni akazuia watu wasishuke. Akasoma. Jina la mtu, la baba yake, la babu yake, kwa sauti ya kusomea darasani. Aliyetajwa akaitika "Nipo," akapita. Mwuza juisi ya miwa akasimamisha mashine yake kusikiliza. Bibi yangu alipoitwa kwa majina yake matatu, ambayo sidhani kama kuna aliyeyataja pamoja tangu siku ya ndoa yake, aliitika kwa nguvu kuliko wote.

Ishirini. Mtoto akawa ameshakunja karatasi, dereva akatoa kichwa dirishani.

"Na mimi je? Mimi si nimekwenda?"

Akaikunjua, akamuuliza majina yake, akayaandika. Kisha la utingo.